Shule ya wavulana inapogeuzwa mchanganyiko: mabweni yanajengwa, watumishi wanaachwa vilevile. Waliopitia tusaidiane

Mwalimu wa Bweni (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu, na walimu wote mliomo humu.

Wiki iliyopita amenipigia mwalimu mwenzangu wa shule jirani. Wao ni shule ya bweni ya wavulana tupu, kama tulivyokuwa sisi, na sasa wamepata barua: Julai wanapokea wasichana wa Kidato cha Tano. Nikamuuliza maandalizi yamefikia wapi. Akanijibu kwa furaha kabisa: bweni limeshaezekwa, vyoo vinamaliziwa, ukuta umefika usawa wa kiuno. Nikamuuliza, na watumishi? Akanyamaza kidogo. "Mkuu alituita kikao kama dakika ishirini, akatuasa tuzingatie maadili ya kazi."

Roho iliniuma, maana hicho ndicho kikao tulichofanyiwa sisi. Dakika ishirini zilezile, na maneno ni yaleyale.

Nilifundisha kwenye shule ya wavulana miaka 13, na huu ni mwaka wa 6 tangu igeuke mchanganyiko. Sitaitaja; iko nyanda za juu kusini, inatosha. Ninachotaka kusema ni kimoja. Jengo unaweza kulimalizia hata wanafunzi wakiwa wameshafika. Mtumishi ambaye hakuandaliwa mapema, kosa lake la kwanza linamwangukia mtoto wa mtu.

Najua wengine mtasema, mbona shule za kata ni mchanganyiko siku zote na mambo yanakwenda? Kweli. Tangu MMES, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari wa 2004, sekondari zilizojengwa kwenye kata zinasomesha wavulana na wasichana pamoja, na walimu wengi vijana wamesomea humohumo. Lakini kule mtoto anarudi kwao jioni. Shule kongwe ya bweni ni kijiji. Ina wapishi, walinzi, dereva, mtunza stoo, muuguzi, na mwalimu anayekaa hatua mia kutoka bwenini. Ina desturi za miaka na miaka ambazo hakuna aliyeziandika popote, kwa hiyo hakuna anayekumbuka kuzifuta.

Mfano wa kwanza ni mimi mwenyewe. Kwetu mwalimu wa zamu ndiye aliyekuwa anaamsha mabweni. Saa kumi na moja alfajiri unapita na fimbo, unasukuma mlango, unagonga vyuma vya vitanda huku unaita "Amka! Amka!" mpaka wa mwisho ashuke. Nilifanya hivyo miaka 13 na sikuwahi kuona ubaya wake. Jumatatu ya kwanza baada ya wasichana kuripoti, zamu ilikuwa yangu. Nikamaliza mabweni manne ya wavulana, giza bado limetanda, miguu ikanipeleka yenyewe mpaka bweni jipya. Mkono ulikuwa umeshashika kitasa. Ndani nikasikia mtu anamimina maji kwenye beseni na mwenzake anamnong'oneza kitu. Hapo ndipo nikazinduka. Nikasimama barazani, fimbo mkononi, mlango bado unanuka rangi, nikajiuliza: hawa anawaamsha nani? Hakuna aliyekuwa ameniambia. Matroni alikuwa mwalimu mwenzetu mwenye vipindi 24 kwa wiki, anakaa ng'ambo ya mto, anafika saa moja na nusu. Nikarudi hadi kwenye mkaratusi tulikoning'iniza ringi ya lori, nikaigonga kwa muda mrefu mpaka nikaona taa imewashwa dirishani.

Sikuwa na nia mbaya hata chembe. Na ningeusukuma ule mlango, wale mabinti wangetishika vilevile.

La pili lilitokea getini. Mlinzi wetu wa siku nyingi, mzee mwaminifu, alikuwa na utaratibu wake wa upekuzi: tranka linafunguliwa, linapinduliwa kwenye nyasi, simu ikipatikana inaandikwa. Akafanya hivyohivyo kwa binti wa kwanza kufika. Nguo za ndani, pakiti mbili za taulo za kike, kila kitu kikamwagika mbele ya vijana wa Kidato cha Sita waliokuwa wanafagia njia. Baba yake alikuwa amesimama palepale, ameshika ndoo na jembe kama tulivyoagiza kwenye fomu ya kujiunga. Hakusema neno. Akaviweka chini, akapiga goti, akaanza kumsaidia mwanawe kukunja nguo moja moja na kuzirudisha trankani. Mlinzi akawa anatutazama sisi walimu, hajui kakosea wapi. Angejuaje? Kwenye kile kikao cha dakika ishirini walinzi hawakuitwa.

Na kuna jambo la kwenye kikao chenyewe ambalo nimekuja kulielewa baadaye. Tulikuwa na walimu wa kike wanne kati ya walimu 38. Mmoja wao alinyoosha mkono akasema: "Mkuu, kabla ya hao wageni, sisi wanne kila siku tunaomba ufunguo wa choo ofisini kwa makamu, mbele ya watu. Kuna aliyewahi kutuuliza tunaishije hapa?" Kimya. Akajibiwa kwamba litashughulikiwa, tukaendelea na ajenda ya ukuta. Yule mwalimu alikuwa anatupa kila tulichohitaji kujua, bure, nasi tukarudi kwenye matofali.

Idadi ya matundu ya vyoo kila mkuu wa shule anaijua kwa kichwa: 1 kwa wasichana 20, 1 kwa wavulana 25. Anaijua kwa sababu Mthibiti Ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija anahesabu. Hakuna anayekuja kuuliza wapishi wangapi wameelezwa sheria, au usiku mtoto akiugua anagonga mlango wa nani.

Waliopitia naomba mseme. Huyu jirani yangu anasoma humu.

Ticha wa Fizikia

Asante kwa uzi huu kaka. Mimi nina miaka 27, ajira mpya, nafundisha fizikia na hesabu za juu shule ya wavulana inayokaribia kugeuzwa. Nasema wazi: naogopa. Ninaogopa kusingiziwa. Kijana mmoja tuliyesoma naye chuo alihamishwa kituo kwa maneno tu, halafu baadaye ikaonekana hakuna lolote. Kwa hiyo nimeshajiwekea msimamo: wasichana wakija nafundisha darasani, kengele ikilia natoka. Maswali waulize darasani. Sitaki msichana ofisini, sitaki kusahihisha daftari la mmoja mmoja, sitaki kusindikiza timu. Nalinda mkate wangu. Nikosoeni kama nakosea.

Mwalimu wa Bweni

Ticha, hukosei kuogopa. Kwetu karibu nusu ya walimu vijana walisema hivyohivyo, ila wao walisemea kijiweni, wewe umesema mbele za watu, na nakuheshimu kwa hilo.

Lakini tazama kitakachotokea. Shule yenu walimu wa fizikia ni wangapi, na wa kike ni wangapi? Kwetu walikuwa wawili, wote wanaume. Wote wawili wakachukua msimamo kama wako. Muhula wa kwanza wavulana waliendelea kujazana ofisini kwao jioni na karatasi za mitihani iliyopita, wasichana wakabaki na kitabu. Matokeo ya muhula yalipotoka watu wakaanza kusema "wasichana hawaiwezi fizikia". Nilikuwepo, nikayasikia, na ilinichukua muda kuona kwamba tulikuwa tumewafungia mlango sisi wenyewe.

Tulichofanya ni kuhamisha maswali yote, ya wavulana na ya wasichana, kwenda maktaba saa kumi hadi saa kumi na mbili. Milango iko wazi, meza ziko mbali mbali, kuna daftari la kuandika nani kaja, na walimu wasiopungua wawili mle ndani. Hakuna mwanafunzi yeyote anayeingia nyumbani kwa mwalimu kusafisha, kuchota maji wala kuchukua daftari, awe mvulana au msichana. Utaratibu ukiwa wa wote, mwalimu analindwa na mtoto analindwa, na hakuna anayekosa somo. Ukijilinda peke yako kwa kukimbia, anayelipa ni binti aliyekuja kusoma PCM (fizikia, kemia na hisabati).

Matroni Mstaafu

Wanangu, shikamooni mlionizidi, na marahaba kwa wengine. Nimekuwa matroni miaka 22, shule mbili, ya pili ilikuwa ya wavulana ikageuka.

Mwalimu uliyeanzisha umesema vizuri ila umepita haraka kwenye jambo la matroni. Nikae hapo kidogo.

Shule nyingi zikiambiwa "wekeni matroni" zinamtafuta mwalimu wa kike yeyote aliyepo, zinamwongezea cheo hicho juu ya vipindi vyake, zinamwacha akae kulekule anakokaa. Huyo hata akiitwa matroni hana muda wa kuwa matroni. Kazi ya matroni iko kati ya saa kumi na mbili jioni na saa moja asubuhi. Saa nane usiku binti anaumwa tumbo la mwezi mpaka anatapika. Mwingine kapata habari ya msiba. Mwingine hajala siku mbili na wenzake wanamficha. Kama matroni yuko ng'ambo ya mto, anayeitwa ni mlinzi wa usiku, mwanamume, na kuanzia hapo mmeshamweka mtoto na mlinzi mahali pabaya wote wawili. Nyumba ya matroni ijengwe ndani ya uzio kabla ya bweni lenyewe. Nilimwambia mkuu wangu hivyo na alichukia, lakini alijenga.

La pili, matroni awe na sauti. Kwenye shule ya kwanza nilikuwa nakaa vikao vya menejimenti kama wengine. Kwenye ya pili nilikuta matroni anaitwa kwenye kikao pale tu msichana anapokuwa na kesi. Kila jina la msichana likitajwa mezani lilikuwa limekuja na kosa. Nikamwambia makamu, nipe dakika tano kila kikao niseme habari za bwenini, hata kama hakuna kesi. Mwezi wa kwanza nilisema bomba la maji linatoka kwa matone, wasichana wanaamka saa tisa usiku kupanga foleni, ndiyo maana wanasinzia kipindi cha kwanza. Walimu walikuwa wanawachapia kusinzia! Hakuna aliyejua.

La tatu, hili nawaambia kwa upendo. Wasichana walipofika, sheria mpya zote zilizobandikwa ubaoni zilikuwa za wasichana. Wasipite njia ya uwanjani. Wasionekane maktaba baada ya saa mbili. Wasisuke. Wasicheke kwa sauti bwaloni. Wavulana hawakuongezewa hata sheria moja. Sasa mtoto ataelewaje hapo, kama si kwamba yeye ndiye tatizo? Kaeni na wafanyakazi wote mzipitie sheria moja moja, kila moja mjiulize inamzuia nani na kwa nini.

Mzazi wa Watatu

Samahani wadau, mimi siungi mkono. Tuna shule za wasichana tupu, Kilakala, Msalato, Tabora Wasichana, na mabinti wanafanya vizuri huko bila usumbufu wote huu. Serikali yenyewe imejenga shule za wasichana za sayansi, moja kila mkoa, shule 26. Ikiona kuwatenga kunawasaidia, kwa nini wengine wapelekwe kwenye shule za wavulana wakawe majaribio? Mimi binti yangu nilimkataza kuchagua shule ya aina hiyo.

Mwalimu wa Bweni

Mzazi, sikupingi hata kidogo kuhusu Kilakala. Dada yangu kasoma pale na ninajua kilichomjenga. Na kumkataza binti yako ni haki yako kama baba au mama.

Ila uamuzi wa kugeuza shule haukuwa wetu walimu, na nadhani hautakuwa wa jirani yangu. Barua imeshafika. Kuna mabinti 64 ambao majina yao yameshatoka, na baadhi yao hawakuwa na nafasi kwingine kwenye tahasusi zao. Hao Julai watashuka kwenye basi, tukubali tusikubali. Ninaongelea hao.

Dada wa PCB

Nimesoma uzi wote nikalia kidogo, naomba mniruhusu. Mimi nilikuwa kundi la kwanza la wasichana, nikisoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Shule nyingine, si ya mwanzisha uzi, lakini ni kama anasimulia yetu. Leo ni muuguzi.

Watu wanadhani kilichotuumiza ni wavulana. Wavulana wiki mbili za kwanza walishangaa, basi, wakazoea. Walimu ndio walichukua muda. Paredi ya kwanza mwalimu wa nidhamu alianza, "Vijana wangu, nyinyi ni wanaume..." akaendelea na hotuba yake ileile ya kila mwaka mpaka mwisho. Tulisimama mstari wa nyuma, hakutugeukia. Darasani mwalimu akiuliza swali anatazama upande wa kulia walikokaa wavulana. Tukinyoosha mkono anasema "haya, na upande wa akina mama tusikie". Alidhani anatutia moyo. Nilikuwa na miaka 18, nikaacha kunyoosha mkono.

Mkaguzi au mgeni akija, wasichana tunaitwa kutoka kipindini kupika chai na kutandika vitambaa. Kila mara. Nilikosa vipindi vitatu vya kemia muhula mmoja kwa ajili ya chai. Hakuna mwalimu aliyeona ni kosa, hata wa kike.

Serikali ya wanafunzi, kaka mkuu alibaki kaka mkuu, ikaundwa nafasi ya dada mkuu ambayo kazi yake ilikuwa kusimamia usafi wa bweni letu. Kwenye katiba ya shule hakuwa na kazi nyingine.

Kuna mtu mmoja nataka kumtaja bila jina. Mpishi mkuu wa bwalo, baba wa makamo. Wiki ya kwanza aliona wasichana hatuli, tunachukua chakula tunaondoka. Foleni ilikuwa moja, ya kusukumana, wenye nguvu wanatangulia, ilikuwa hivyo tangu zamani. Hakuna aliyemtuma. Alichukua chokaa akachora mistari miwili chini, akasimama na mwiko wake pale katikati, akasema kila mtu atakula na hakuna atakayesukumwa, na wadogo wa kiume wa Kidato cha Kwanza nao wakaanza kupata nyama. Yule baba hakuhudhuria semina yoyote. Ukiniuliza nani aliandaliwa pale shuleni kwetu, ni yeye, sijui aliandaliwa na nani.

Mwalimu wa Nyeri

Hamjambo walimu wenzangu wa Tanzania. Mimi ni mwalimu Kenya, naibu wa mwalimu mkuu. Naomba nichangie kutoka huku kwetu.

Kwa walimu wa umri wangu, ukitaja shule ya malazi ya mchanganyiko akili inaenda moja kwa moja St. Kizito, Meru. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991 wavulana walivamia bweni la wasichana waliokuwa wamekataa kujiunga na mgomo wao. Wasichana 19 walikufa, wengine 71 walibakwa. Sitaji haya ili kuwatisha. Nayataja kwa sababu tunapowafunza walimu wapya tunaanza hapo: usiku, msichana akiwa hatarini, kuna mtu mzima mwenye mamlaka hatua chache kutoka kwake? Ufunguo wa bweni uko kwa nani? Mlango unafunguka kutokea ndani? Haya maswali mwulize kila mlinzi na kila mwalimu, na mzunguke pamoja kwa miguu usiku, na tochi. Msiridhike na kuyasoma kwenye karatasi.

La pili ni waraka wetu. Tume ya kuajiri walimu ya Kenya ilitoa Waraka Na. 3 wa 2010 kuhusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono. Mwalimu akipata habari ya kisa anatakiwa kuripoti ndani ya saa 24, na kunyamaza ni kosa la kinidhamu kivyake. Hiyo sehemu ya kunyamaza ndiyo ilibadilisha mambo katika shule yangu. Kabla yake mwalimu alijiambia "hayanihusu". Kila muhula tunausoma kwa sauti, wote, pamoja na madereva na wapishi, na kila mtu anatia sahihi.

Mwalimu wa Bweni

Asante sana mwalimu wa Nyeri. Na wewe dada wa PCB, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Hilo la chai na sisi tulilifanya, na sikuwahi kuliona mpaka leo.

Niseme tulichofanya baada ya ule muhula wa kwanza kutuelemea. Likizo ya Desemba tulikaa bwaloni siku tatu, watumishi wote, mpaka mkata majani. Siku ya kwanza ilikuwa ya sheria. Nilimwona mtu mzima anashtuka. Dereva aliuliza: "Hata kama ameshatimiza miaka 18?" Swali zuri, kwa sababu wasichana wa Kidato cha Tano wengi wameshafika au wanakaribia. Afisa aliyekuja akajibu kwamba Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa 2016, inatoa miaka 30 jela kwa anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, na kinachotazamwa ni uanafunzi wake. Ukumbi ukatulia. Halafu akatueleza Waraka Na. 2 wa 2021, kwamba aliyekatiza masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi. Zaidi ya nusu yetu hatukuwa tunaujua, na tayari tulikuwa na mmoja tuliyemwambia mzazi wake basi tena. Makamu alimpigia mzazi simu kesho yake.

Siku ya pili tulifanya igizo. Mwalimu wa kike akajifanya mwanafunzi anayekuja kuripoti kwamba kuna mtu anamsumbua. Walimu wa kiume sita wakampokea mmoja mmoja. Watano kati ya sita swali la kwanza lilikuwa, "Ulikuwa unafanya nini huko?" Hatukuwa tumekubaliana. Lilitoka tu. Alipomaliza yule mwalimu akasema, "Mimi ni mtu mzima na ninajua ni igizo, lakini kwa wa tatu nilishatamani kuondoka." Nilijifunza pale kuliko kwenye karatasi zote tulizogawiwa.

Siku ya tatu ikaja fimbo. Kanuni za viboko za 2002 ziko wazi: visizidi vinne, viandikwe kwenye kitabu, na msichana achapwe na mwalimu wa kike tu, labda kama shule haina kabisa mwalimu wa kike, hapo ni mkuu wa shule mwenyewe. Kwetu kitabu hicho kilikuwepo stoo, karatasi zake nyeupe. Kila mwalimu alichapa alivyoona. Walimu wa kike wanne wakasema hawatakubali kuwa wachapaji wa shule nzima upande wa wasichana, hawakuja kwa kazi hiyo. Basi, tukasema wasichana wasichapwe. Mzee mmoja wa jiografia, mkali kuliko wote, akauliza: "Kama tunaweza kumnyoosha msichana bila fimbo, mvulana nilikuwa namchapia nini miaka yote?" Hakuna aliyejibu. Tangu hapo fimbo imetoka mikononi mwa mwalimu wa zamu. Haikuwa kwenye ajenda ya kupokea wasichana, lakini ndipo ilipotufikisha, na wavulana wetu ndio walionufaika zaidi.

Jirani wa Uzi

Mwalimu, ni mimi uliyenitaja. Nimesoma yote na nimemwonesha mkuu wetu. Amesema hela ya semina haipo na zimebaki wiki saba. Nyumba ya matroni haiwezekani sasa hivi. Walimu wa kike tunao watatu. Tuanze na nini ambacho hakihitaji fungu?

Mwalimu wa Bweni

Jirani, vingi havihitaji fungu.

Wiki hii kaeni na hao walimu watatu wa kike peke yao, mkuu awepo, kalamu awe nayo yeye. Waulizwe wanaishije hapo, na kila watakachosema kirekebishwe kwao kwanza. Ukianza na choo chao utajua mengi.

Kama nyumba ya matroni haipo, chumba cha mwisho cha bweni kiwekwe mlango wa nje, akae humo, vitanda vinne vipungue. Mpunguzieni vipindi visizidi kumi. Mwalimu wa taaluma atalalamika, mwacheni alalamike.

Mlinzi aambiwe tranka linafunguliwa kwenye chumba, mbele ya mwalimu wa kike na mzazi, halipinduliwi. Mfanyie mazoezi na tranka lako mwenyewe, nguo zako ndani, aone. Mhasibu aandike taulo za kike kwenye mahitaji ya muhula kama anavyoandika chaki, na muuguzi awe nazo pale zahanati ili mtoto asilazimike kumwomba mwalimu wa kiume ruhusa akieleza sababu.

Ratiba ya zamu iandikwe upya kwa mikono yenu, mstari kwa mstari: nani anaamsha, nani anafunga, nani anapita saa nne usiku, nani hapiti. Halafu mzunguke usiku kama alivyosema mwalimu wa Nyeri.

Sheria haina haja ya semina ya fedha. Polisi wana dawati la jinsia na watoto, andikeni barua, ofisa atakuja. Wapishi na walinzi wakae mstari wa mbele.

Igizo nitakuja kuliendesha mimi, na yule mwalimu wa kike aliyeuliza habari za ufunguo wa choo amekubali kuja nami. Sasa hivi ndiye makamu wetu. Tuandalieni Jumamosi moja, bwalo tu na viti. Mwambie mpishi mkuu wenu namwomba awepo tangu asubuhi, chai tutapika sisi wageni.